Nyumbani Wanajua Napokea Shilingi 800,000, Mkononi Zinafika 540,000

BARUA

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni binti wa miaka 26, kifungua mimba katika familia ya watoto wanne kutoka mkoa wa Singida, na ninakuandikia kwa sababu nimefika mahali ambapo mama akinipigia simu naiacha iite mpaka ikate, kisha namtumia ujumbe kwamba niko kwenye kikao.

Wazazi wangu ni wakulima wa alizeti na mtama. Katika ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza kufika chuo kikuu, na nilipokuwa mwaka wa kwanza, kabla fedha za Bodi ya Mikopo hazijatoka, baba aliuza ng'ombe wawili ili nisirudi nyumbani. Baba mdogo, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, aliendelea kunitumia nauli na fedha kidogo ya matumizi hadi nilipohitimu shahada ya ununuzi na ugavi mwaka 2022. Maisha ya chuo yalikuwa magumu, lakini yalikuwa magumu kwetu sote: bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wa Bodi, likitoka tunalipa deni la mama ntilie na kununua sabuni na mafuta, na likiisha tunachangishana unga na dagaa chumbani bila mtu kuona haya.

Baada ya kuhitimu nilikaa karibu miaka miwili bila ajira, sehemu kubwa ya muda huo nikijitolea katika ofisi ambayo haikunilipa hata nauli. Hatimaye nilipata kazi Dar es Salaam, katika kampuni binafsi inayoshughulika na kutoa mizigo bandarini. Siku ya usaili niliambiwa mshahara wangu utakuwa shilingi 800,000. Jioni ile ile nilimpigia mama, naye akalia kwa furaha, na kesho yake ukoo mzima ulikuwa unaijua namba hiyo.

Mwisho wa mwezi wa kwanza ziliingia shilingi 540,000. Niliona haya kuuliza, na baadaye mfanyakazi mwenzangu akanieleza kwamba hayo ni makato. Nyumbani sijawaambia mpaka leo. Kwa kuwa wanajua napokea 800,000, nimekuwa nikituma 250,000 kila mwezi kwa ajili ya mdogo wangu aliye kidato cha tano, mwingine aliyemaliza kidato cha sita na anayetarajia kwenda chuo, na mahitaji ya nyumbani. Baba mdogo naye ameniomba mara mbili nimsaidie kumalizia nyumba yake, na mara zote mbili nimempa ahadi ambayo sikuweza kuitimiza.

Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa pamoja, yaani shilingi 720,000, nami nikakopa sehemu ya fedha hizo katika programu mbili za mikopo ya simu. Mpaka sasa nadaiwa kama shilingi 300,000, na mwezi uliopita walituma ujumbe kwa watu waliomo kwenye simu yangu, akiwemo msimamizi wangu wa kazi, wakisema mimi ni tapeli. Juu ya hayo kuna kadi za michango ya harusi za watu niliosoma nao, na kila moja inaanzia shilingi 50,000.

Kazini naingia saa mbili asubuhi na kutoka saa moja usiku, na Jumamosi tunafanya kazi mpaka saa nane mchana. Nilipouliza malipo ya muda wa ziada nilijibiwa kwamba bado niko kwenye kipindi cha majaribio, na sasa ni mwezi wa tisa. Barua niliyosaini siku ya kwanza sina nakala yake, hati ya mshahara sijawahi kupewa, na hivi karibuni nilipoangalia michango yangu ya NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, nilikuta ya miezi mitatu ya mwanzo tu.

Usiku silali vizuri. Nahesabu fedha kichwani mpaka kunakucha. Ninafikiria kuacha kazi nikasome shahada ya uzamili, au nirudi nyumbani. Nifanye nini, na wazazi niwaambie vipi?

Kifungua Mimba, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nianze na wazazi, ingawa umewaweka mwishoni mwa barua yako, kwa sababu naamini jambo hilo ndilo linaloyabeba yale mengine yote. Kipato chako ni kidogo, lakini si kidogo kiasi cha kukuangusha. Kinachokuangusha ni kwamba unaishi kwa namba mbili, moja inayojulikana Singida na nyingine iliyoko benki, na tofauti ya shilingi 260,000 kati ya namba hizo umekuwa ukiijaza kila mwezi kwa mkopo, kwa ahadi na kwa kutopokea simu.

Hukusema uongo siku ile ya usaili, kwa kuwa ulimwambia mama yako kile ulichoambiwa. Tatizo limekua baadaye, kila ulipopata nafasi ya kusahihisha ukanyamaza, na sasa unaona kana kwamba kusema ukweli ni kukiri kosa kubwa. Sivyo. Wazazi wako ni wakulima, na mkulima anajua kwamba gunia lililojaa shambani si gunia linalofika nyumbani, kwa sababu kuna ushuru, kuna usafiri na kuna deni la mbegu. Wakielezwa makato kwa namba wataelewa haraka kuliko unavyodhani, ila lazima kwanza uyaelewe wewe mwenyewe.

Katika shilingi 800,000, NSSF inachukua asilimia 10, yaani shilingi 80,000, na mwajiri anapaswa kuongeza kiasi kama hicho kutoka mfukoni mwake. Inabaki 720,000 inayotozwa kodi ya mapato, na kwa viwango vinavyotumika sehemu ya kwanza ya shilingi 270,000 haitozwi kitu, inayofuata hadi 520,000 hutozwa asilimia 8, na inayozidi hapo hadi 760,000 hutozwa asilimia 20. Kwako kodi inakuwa shilingi 20,000 na 40,000, jumla 60,000. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, ambayo ni shilingi 120,000. Ukijumlisha makato yote unapata 260,000, na baki ni 540,000 kamili. Kwa hiyo hesabu ya mhasibu wenu ni sahihi kwenye karatasi. Kama fedha hizo zinafika zinakopaswa kufika ni swali lingine, nami nitalirudia.

Kato la Bodi ndilo linalowashtua vijana wengi, na sioni ajabu. Kabla ya mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016 lilikuwa asilimia 8, kisha likapanda hadi 15, na mtu anayeanza maisha mjini analisikia kila mwezi. Maoni yangu ni kwamba kiwango kimoja kwa anayelipwa laki tano na anayelipwa milioni tano kinamuumiza zaidi yule wa chini, na sitaacha kulisema hilo. Hata hivyo kuna nafuu moja ambayo huenda huijui: ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikilifanya deni likue hata wakati mtu anakatwa, iliondolewa mwaka 2021. Kila shilingi 120,000 inayokatwa leo inapunguza deni lako kweli, na kama mwajiri anaiwasilisha, utaiona kwenye taarifa yako ya Bodi.

Sasa mpigie mama yako, na usimwandikie ujumbe. Chagua jioni ambayo baba naye yupo, uwaeleze makato moja baada ya jingine kama nilivyoyaandika hapa, ueleze kodi ya nyumba ya shilingi 120,000 kwa mwezi, kisha useme wazi kiasi unachoweza kutuma. Kwa ushauri wangu kiasi hicho kiwe shilingi 100,000, kitumwe tarehe ile ile kila mwezi, na kisipandishwe kwa sababu mtu amelalamika. Najua laki moja itaonekana ndogo kwa waliozoea laki mbili na nusu, lakini laki moja ambayo mama anaweza kuipangia ina faida kuliko 250,000 inayotokana na mkopo wa riba kubwa. Wakikuuliza kwa nini ulinyamaza, wajibu ukweli kwamba uliona haya, kisha uwaache waseme watakayosema. Huenda baba akakumbusha wale ng'ombe wawili. Msikilize bila kujitetea, maana ana haki ya kukumbuka alichotoa, na kukumbuka huko si lazima kuwe kudai.

Kwa wadogo zako una kitu chenye thamani kuliko fedha, nacho ni kwamba wewe umeshaipita njia ile. Serikali iliondoa ada ya kidato cha tano na cha sita katika shule za umma kuanzia mwaka wa fedha 2022/23, kwa hiyo kama mdogo wako yuko shule ya serikali, muulize anahitaji nini hasa, maana huenda ni daftari, godoro na nauli ya kwenda na kurudi, wala si ada unayoifikiria. Huyu anayesubiri chuo msaidie kuomba mkopo wa Bodi mapema na kwa uangalifu, kwa sababu kasoro ndogo za nyaraka zinaweza kumkosesha fedha ambazo wewe huwezi kamwe kuzifidia kwa mshahara wako: cheti cha kuzaliwa kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, fomu zisainiwe na kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji pamoja na wakili au hakimu, taarifa za mdhamini ziwe kamili, na majina yafanane katika vyeti vyote. Kaa naye kwenye simu hatua kwa hatua.

Baba mdogo anastahili mazungumzo yake peke yake. Amekulea kimasomo na humlipi kwa kumkwepa. Mwambie, "Baba, nilikuahidi kitu nisichokuwa nacho, naomba unisamehe, kwa mwaka huu sitaweza kuchangia nyumba, na nitakapoweza nitakuja mwenyewe kukuambia." Usimtajie tarehe. Kuhusu kadi za harusi, changia zile za watu ambao wangekuja kukuuguza ukiugua, kwa kiasi ulicho nacho hata kama ni shilingi 20,000, na nyingine uzirudishe kwa heshima na pongezi.

Deni la simu lilipwe haraka. Ukipunguza fedha ya nyumbani hadi 100,000 na kuweka kando 120,000 za kodi ya nyumba, unabaki na 320,000. Tenga 100,000 kwa deni kila mwezi na uishi kwa 220,000 za chakula, nauli na dharura ndogo. Itakubana, lakini ndani ya miezi mitatu au minne utakuwa umemaliza, mradi usikope tena na mradi uwabane wakupe kwa maandishi kiasi kamili unachodaiwa. Angalia pia kama programu hizo zina leseni, kwa sababu Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu za kukopesha zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kukosa kwao leseni hakukupi ruhusa ya kula fedha uliyokopa, lakini kitendo cha kuwatumia watu wengine ujumbe kwamba wewe ni tapeli ni kosa dhidi yako. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume inayoisimamia. Hifadhi picha za ujumbe ule na uwasilishe malalamiko. Msimamizi wako wa kazi mwambie mwenyewe kwa sentensi mbili kwamba una mkopo, unaulipa, na ujumbe aliopokea ulikuwa wa kukudhalilisha. Akilisikia kutoka kwako, litakwisha hapo.

Nije kwenye kazi, ambako nadhani umekubali mambo ambayo hukupaswa kuyakubali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya ajira yako tangu mwanzo, na inataka malipo ya mshahara yaambatane na maelezo yanayoonyesha kilicholipwa na kilichokatwa. Sheria hiyo inaweka kikomo cha saa za kawaida kuwa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Wewe, ukitoa saa moja ya chakula, unafanya kazi saa 10 kwa siku tano na saa 6 siku ya Jumamosi, jumla 56. Hizo ni saa 11 za ziada kila wiki, na saa za ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Kama 800,000 ndiyo mshahara wako wa msingi, saa yako moja ni kama shilingi 4,100, na ya ziada ni kama 6,150, kwa hiyo unachofanya bila malipo kinakaribia shilingi 290,000 kwa mwezi kabla ya makato. Nimeipiga hesabu hiyo mara mbili kwa sababu ilinisikitisha: ni kubwa kuliko pengo ulilokuwa ukilijaza kwa mikopo.

Kipindi cha majaribio hakifuti haki hiyo. Majaribio ni muda wa mwajiri kupima kama unaiweza kazi, na kanuni za utendaji bora zinataka muda huo usizidi miezi 12, lakini hakuna mahali sheria inaposema mtu aliye kwenye majaribio afanye kazi ya ziada bure. Hata hivyo usianze kwa vita. Andika barua fupi yenye adabu kwa ofisi ya rasilimali watu, uombe mambo manne: nakala ya barua uliyosaini, hati za mshahara tangu mwezi wa kwanza, ufafanuzi wa michango ya NSSF kuanzia mwezi wa nne, na utaratibu wa kazi ya ziada pamoja na tarehe ya kuthibitishwa kazini. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kuanzia leo, andika kwenye daftari muda wa kuingia na kutoka kila siku, kwa sababu ukifika mbele ya msuluhishi maneno matupu hayatakusaidia.

Suala la NSSF ndilo zito kuliko yote. Fedha hiyo imekwisha kukatwa kwenye jasho lako. Kama haijawasilishwa, imekaa mfukoni mwa mtu mwingine, na kuchelewa kwake kunakugusa leo hii, kwa sababu mafao kama ya uzazi yanahesabu michango iliyopokelewa na Mfuko. Nenda ofisi ya NSSF iliyo karibu nawe na uombe taarifa ya michango kwa maandishi, kisha utoe taarifa kwamba unakatwa na fedha haifiki. Mfuko una mamlaka ya kumdai mwajiri, na wewe huhitaji kulumbana naye ana kwa ana. Kampuni ikikaa kimya kwa wiki mbili baada ya barua yako, mwone afisa kazi, ambaye huduma yake hailipiwi. Ikibidi ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, lakini uwe macho na muda: mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Vijana wengi wenye haki wamezipoteza kwa kusubiri huruma.

Naelewa hofu yako kwamba ukidai utaonekana mkorofi na kufukuzwa. Hofu hiyo ni ya kweli, na sitakuambia kwamba haiwezi kutokea. Ndiyo maana nataka deni la simu liishe na uwe na akiba ya angalau mwezi mmoja kabla hujafika kwenye Tume. Lakini barua ya adabu na safari ya NSSF havisubiri akiba.

Usiku wako nao usiuchukulie kama sehemu ya kawaida ya utu uzima. Nadhani sehemu ya usingizi itarudi siku utakapomaliza kuzungumza na wazazi, ila kama wiki mbili baada ya hapo bado unakesha, au unakosa hamu ya kula, au unaanza kuona maisha hayana maana, nenda hospitali. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina idara ya afya ya akili, nawe huna haja ya kungoja mpaka uanguke ndipo uende. Chuoni mlichangishana unga kwa sababu kila mmoja alijua mwenzake hana, na mmoja au wawili kati ya mliokaa chumba kimoja bila shaka wako mjini humu wakihesabu fedha usiku kama wewe. Watafute, na uwe wa kwanza kutaja mshahara wako halisi.

Umeniuliza kama uache kazi ukasome shahada ya uzamili. Kwa sasa hapana. Barua yako haina hata mstari mmoja kuhusu kitu unachotaka kukijua zaidi. Ina mistari mingi kuhusu kitu unachotaka kukikimbia, na ada ya uzamili utakayoikopa itakurudisha pale pale ukiwa na deni la pili. Kwa fani yako iko njia ya karibu zaidi: mitihani ya kitaaluma ya Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, ambayo unaweza kuifanya ukiwa kazini na ambayo inakusogeza kwenye usajili wa kitaaluma unaotakiwa kwa kazi za ununuzi, serikalini na kwingineko. Miezi ya deni la simu ikiisha, zile 100,000 za kila mwezi zigawe sehemu mbili, moja iwe akiba na nyingine iwe ya usajili, vitabu na ada ya mitihani. Kwa shahada yako huenda ukasamehewa baadhi ya ngazi za mwanzo, kwa hiyo nenda ofisini kwao na vyeti vyako ukaulize unaanzia ngazi gani kabla hujalipa chochote, na tangazo la usajili wa mitihani likitoka, jisajili hata kama mwajiri wako bado hajajibu barua yako.